Mlio wa Kompyuta Namba Sita

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Machakos
Jumamosi, tarehe 1 Novemba 2008, alasiri

Jina: Angela Mumbua Kimeu
Umri: miaka 25
Kazi: mwandishi wa programu za kompyuta
Makazi: Katoloni, mjini Machakos, nyumbani kwa wazazi ni Mitaboni
Uhusiano na mwenye saiba: (imeachwa wazi kwa ombi la shahidi, itajazwa mwishoni)

Sauti ninayoikumbuka ni mlio mmoja mdogo, tak, kama mtu amevunja kijiti kikavu kwa vidole viwili. Kompyuta zetu hulia hivyo kila ukurasa mpya wa intaneti unapofunguliwa. Saiba, yaani chumba cha kulipia intaneti, hulia hivyo kutwa nzima, na aliyezoea hausikii tena. Huo mmoja niliusikia kwa sababu ulitoka kwenye kompyuta namba sita, na mbele ya kompyuta namba sita hapakuwa na mtu.

Nitaanza mwanzo, kama afande alivyoniomba.

Nilisoma sayansi ya kompyuta chuo kikuu. Festus Mumo tulikuwa darasa moja. Baada ya kuhitimu alifungua saiba hapa mjini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu, karibu na Posta. Mimi sikuwa na hisa wala mshahara wa kudumu. Nilikuwa mchumba wake. Mwezi wa Aprili mwaka huu wazee wa kwao walifika kwa baba yangu Mitaboni na mbuzi wa ntheo. Kwa asiye Mkamba naeleza: ntheo ni mbuzi watatu wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, na wakishapokelewa msichana huhesabiwa mke wa watu hata kabla ya harusi. Naitaja kwa sababu Festus ameitaja katika jambo hili zaidi ya mara moja, na mimi sikutaka afande aisikie kwake kwanza.

Saiba ilikuwa na shida moja kubwa. Mteja akimaliza muda wake hainuki. Anafungua kurasa tano au sita kwa pamoja, kila mmoja na kichupo chake juu ya kivinjari, ile programu ya kufungulia intaneti, na ukimwambia muda umeisha anasema, "Ngoja nimalizie hii moja." Justus Mutiso, mhudumu wetu wa kaunta, alikuwa akigombana na watu kila siku. Festus akaniomba niandike programu itakayokaa kwenye kompyuta ya kaunta na kuvisimamia vichupo vya kompyuta zote kutoka hapo.

Niliiandika kwa miezi miwili. Haikuwa kazi rahisi, na niliipenda. Kivinjari hakipendi kuamriwa na programu nyingine. Unaweza kukiambia kifungue kichupo kipya nacho kikafungua, lakini hakikupi mkono wa kukishika hicho kichupo. Inabidi programu ipite kwenye orodha ya vyote vilivyo wazi, kimoja kimoja, ikisoma anwani ya kila kimoja mpaka ikipate kile ilichokifungua yenyewe. Hapo ndipo inaweza kukibadilisha au kukifunga. Siku ilipofanya kazi mara ya kwanza nililia kidogo chooni, kisha nikanawa uso nikarudi.

Programu ilifanya mambo matatu. Ilifunga vichupo vya mteja muda ukiisha. Ilimfungulia ukurasa anaoutaka kama hajui kuandika anwani. Na kwa wale wasioweza kuchapa, Justus aliandika maneno yao kaunta na kuyapeleka kwenye ukurasa uliokuwa mbele yao. Mzee mmoja kutoka Kithyoko, aliyekuja kumwandikia mwanawe, aliona maneno yamejaa kwenye kioo na yeye hajagusa kitu. Akamwambia mwenzake, "Hii mashine imeokoka. Inafanya kazi kwa imani." Saiba nzima ilicheka. Festus alicheka kuliko wote, akaniita Profesa mbele ya watu.

Sasa nieleze kitu ambacho bila kukielewa mambo mengine hayataeleweka. Kompyuta zetu ni kuukuu. Kivinjari kikifungwa chote, kukifungua tena huchukua muda mrefu, na mteja mpya hulalamika. Kwa hiyo programu ilifunga vichupo vyote vya mteja lakini ikaacha kimoja kitupu, ili kivinjari kisizime. Nilipokuwa nikiijaribu niligundua kwamba njia hiyo ina hatari. Mtu akifungiwa vichupo kabla ya kujitoa mwenyewe kwenye barua pepe yake, ukurasa unaondoka machoni, lakini kivinjari bado kinamtambua. Ukifungua kichupo kipya na kurudi anwani ile ile, unaingia moja kwa moja kwenye barua zake bila kuulizwa neno la siri. Afande aliniuliza maana yake kwa lugha ya kawaida. Kufunga kichupo ni kurudishia mlango. Kujitoa ndiko kutia kufuli.

Na wateja wetu walikuwa wameacha kutia kufuli. Kabla ya programu yangu watu walijitoa wenyewe kwa hofu. Baada yake walianza kusema, "Si inajifunga?" Wanainuka, wanachukua mfuko, wanaenda.

Nilimweleza Festus jambo hili mwezi wa Julai, kwa mdomo wangu, tumekaa wawili kaunta. Nilimwonyesha kwa barua pepe yangu mwenyewe. Nilifunga vichupo, nikafungua kipya, barua zangu zikatokea. Alisogeza kiti akaangalia kwa makini. Alisema, "Kumbe!" Nilimwambia nimeshaandika marekebisho: programu izime kivinjari chote na kukiwasha upya kila mteja anapoondoka.

"Itachelewesha," akasema. "Mtu anataka kukalia kiti na kuanza."

"Itachelewesha kidogo tu, lakini watu watakuwa salama."

"Profesa, hii ni Machakos. Nani ataiba barua ya nani hapa?"

Niliyaweka marekebisho hata hivyo. Wiki iliyofuata nilikuta yameondolewa. Neno la siri la programu tulikuwa nalo wawili tu, mimi na Festus. Justus hakuwa nalo. Nilimuuliza Festus, akasema tutaliongea, na hatukuliongea. Nimeliwaza hili sana tangu Jumatatu ya wiki hii. Njia ya kuingia barua za mtu hakuijua kwa ujanja wake. Nilimfundisha mimi, kwa upole, kama mtu anavyomwonyesha mwenzake kitu alichokitengeneza kwa mikono yake.

Rehana Ramadhan ni binti wa mtaa wa Mjini, hapa hapa Machakos. Mamake huuza viazi karai na bajia karibu na msikiti. Alimaliza sekondari mwaka juzi kwa alama nzuri. Mwaka huu aliomba ufadhili wa masomo ya uuguzi kwa shirika moja, na maombi yote aliyafanya katika saiba yetu. Nthenya, dada yake Festus, aliomba ufadhili huo huo. Mwezi wa Septemba majibu yalikuja. Rehana alipewa nafasi. Nthenya aliwekwa wa kwanza katika wanaosubiri, iwapo mmoja atakataa.

Mnamo Jumanne tarehe 14 Oktoba, muda mfupi baada ya saa saba mchana, Rehana alikuwa kwenye kompyuta namba sita. Alikuwa amefungua barua pepe yake kuwajibu kwamba amekubali. Nilikuwa karibu, nikitafuta hitilafu ya waya wa mtandao chini ya meza, na tulizungumza.

"Dada Mumbua, wamesema Januari naingia," aliniambia. "Mama ameshaanza kuringa nami kwa majirani. Anawaambia wakiumwa wasiende hospitali bila kupiga hodi kwake kwanza."

Nilicheka. Nikamwambia aniwekee kitanda karibu na dirisha.

Muda wake ukaisha. Vichupo vikafungwa vyenyewe. Akasema, "Haya, imenifukuza," akajifunga mtandio vizuri, akaaga, akashuka ngazi. Justus hakuwepo. Festus alikuwa amemtuma Posta kuchukua kifurushi, na ninaamini sahihi aliyoitia huko inaweza kuthibitishwa. Wateja wengine wawili walikuwa upande wa mlangoni na vipokea sauti masikioni. Kaunta alikuwa amekaa Festus Mumo, amevaa sweta ya kahawia. Nilimwona kwa macho yangu. Hakuwa Wamunyu kwa wazazi wake, kama anavyodai sasa.

Nilikuwa bado chini ya meza niliposikia ule mlio.

Nilidhani mtu amekalia kiti. Nilitazama, nikaona miguu ya kiti tu. Nikainua kichwa. Kwenye kioo cha namba sita kichupo kipya kilikuwa kimefunguka, na ndani yake barua za Rehana. Jina lake lilikuwa juu. Kisha ukafunguka ukurasa wa kuandikia, na maneno yakaingia. Mtu akichapa kwa vidole, herufi huja moja moja. Haya yalianguka yote pamoja, kama mahindi yakimwagwa kutoka kwenye gunia. Hivyo ndivyo programu yangu inavyofanya, na hakuna kitu kingine katika saiba ile kinachofanya hivyo. Yalikuwa kwa Kiingereza. Niliwahi kusoma salamu na sentensi ya kwanza, kwamba anawashukuru kwa nafasi waliyompa. Kabla sijafika ya pili ukurasa ulikuwa umeondoka.

Nilisimama. Nikamwita Festus nikamuuliza anafanya nini.

"Namsaidia mteja," akasema.

"Mteja gani? Rehana ameenda."

"Ameniomba nimmalizie. Kiingereza kilimshinda mwishoni." Hakuinua macho. "Wewe nawe, funga hiyo waya, watu wanangoja."

Nilifunga waya. Sentensi niliyoisoma ilikuwa ya shukrani, na mtu aliyesema hivyo alikuwa mume wangu kwa desturi yetu. Nilimwamini kama wateja wetu walivyoiamini mashine.

Mnamo Jumatatu tarehe 27 Oktoba, asubuhi, Rehana alikuja saiba na mamake. Hakusalimia mtu. Alikuwa amepiga simu kwa shirika kuuliza tarehe ya kuripoti, akaambiwa kwamba aliikataa nafasi yake mwenyewe, kwa barua ya tarehe 14 kutoka anwani yake mwenyewe, akisema anaolewa mwezi huu na mume wake hataki asome. Nafasi ilikuwa imepewa anayefuata. Rehana hana mchumba. Mamake alisimama katikati ya chumba na mikono yake bado ina unga wa dengu, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Nani hapa alimwoza mtoto wangu?"

Festus ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema yeye siku hiyo hakuwepo mjini, alikuwa kwa wazazi wake Wamunyu, na kaunta alikuwa Justus. Justus alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia vioo mkononi. Alisema, "Bosi, mimi? Mimi si ulinituma Posta?" Festus akamwambia, "Wacha maneno, utaenda kuyasema kwa polisi." Kesho yake Justus alikamatwa kwa ripoti ya Festus. Mpaka leo ninapoongea yuko ndani.

Najua kwamba barua ile ilikubalika kwa urahisi kwa sababu ya jina lililokuwa juu yake. Msichana wa Kiislamu anasema anaolewa, mume hataki asome, na hakuna aliyepiga simu kumuuliza. Aliyeiandika alijua itakuwa hivyo. Hili ni wazo langu, si jambo nililoliona, na afande anaweza kulikata.

Mnamo Jumatano tarehe 29, saa za chakula cha mchana, Festus alikuja nyumbani kwangu Katoloni. Alileta ndizi na maziwa. Alikaa kwenye kiti ambacho baba yake, Mzee Kasyoki, alinichongea kwa mikono yake. Mzee ni mchongaji huko Wamunyu. Festus aliniambia polisi wakiniuliza niseme kwamba tarehe 14 tulikuwa wote wawili Wamunyu.

"Na Justus?" nikamuuliza.

"Justus atakaa siku chache. Hakuna ushahidi. Watamwachilia."

"Na Rehana?"

"Rehana ni mtu wa mjini, hawezi kukosa njia. Nthenya hana mwingine. Mumbua, Nthenya ni dada yako sasa. Ntheo ilitoka."

Nilimuuliza ni nani aliyeandika yale maneno ya mume hataki asome. Alikunywa maziwa yake. Kisha akasema, "Fikiria vizuri. Ile programu nani aliandika? Si wewe? Ukienda huko, wataanza na wewe. Mimi sijui hata kuandika mstari mmoja wa hiyo kitu yako."

Hakukana. Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza. Alipoondoka aliacha ndizi mezani, na aliniambia nisisahau kula.

Afande aliniuliza kama Nthenya alijua. Sijui. Sijawahi kumsikia akisema jambo baya juu ya Rehana, na sitasema nisilolijua.

Afande pia aliniuliza kama naelewa kwamba naweza kushtakiwa kwa kuwa programu ni yangu. Naelewa. Nimeleta diski yenye programu yote kama nilivyoiandika, pamoja na marekebisho ya mwezi wa Julai ambayo aliyaondoa. Nimemwonyesha afande kwenye kompyuta ya hapa kituoni kichupo kinavyofungwa na barua zinavyorudi bila neno la siri. Aliniomba nirudie mara ya pili, kisha akajitoa kwenye barua pepe yake mwenyewe. Shirika la ufadhili limemwambia Rehana litangoja barua ya polisi mpaka Ijumaa ijayo, na baada ya hapo nafasi itabaki ilivyo. Naomba isichelewe. Naomba pia Justus aangaliwe, ana pumu, na nguo alizokamatwa nazo ni nyepesi.

Limebaki jambo moja. Wakili wa Festus anaweza kusema kwamba nasema haya kwa hasira za mapenzi na kwamba kesho nitapatana naye na kuyafuta. Kwa hiyo naomba liandikwe.

Jana nilienda Mitaboni. Baba alikuwa akitengeneza plau, mvua iko karibu. Mimi nina jina la mamake, kwa hiyo huniita mwaitu, yaani mama yangu. Nilimweleza yote tangu ule mlio, na kwamba nataka ntheo irudishwe, uchumba uishe.

"Mwaitu, ulimwona kwa macho?"

"Nilimwona, Baba."

"Si kuambiwa?"

"Si kuambiwa."

Alikaza nati iliyokuwa mkononi mpaka ikakataa. Akasema, "Ntheo ikirudi, imerudi. Hakuna kuifuata." Nikamwambia najua. Akasema mmoja tulishamla siku ya sherehe. Nikamwambia nitanunua mwingine, na nilimnunua jioni hiyo hiyo kwa jirani, dume jeusi, mnono kuliko yule tuliyemla, asije mtu akasema tulipunja.

Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, mimi na baba na ami yangu tuliwapakia mbuzi watatu kwenye pikapu, pamoja na kile kiti, tukaenda Wamunyu. Kwa desturi si msichana anayewarudisha, ni wazee wake. Baba aliniambia nibaki ndani ya gari. Nilishuka. Mzee Kasyoki alikuwa kivulini akichonga, mavumbi ya mbao yamemjaa magotini. Aliwatazama mbuzi, akakitazama kiti, akaweka tezo chini. Sikumuuliza kama tarehe 14 mwanawe alikuwa hapo. Yeye ni baba, na hilo ni swali la polisi. Nilimnyooshea kamba ya mbuzi kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa kitu.

Akaipokea, akauliza kama mbuzi wamekunywa maji.

Niliyoyasema ni haya, na nimeyasema nikiwa na akili zangu, bila kuahidiwa wala kutishwa na mtu wa kituo hiki.

(Sahihi) A. M. Kimeu

Kumbukumbu ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Lilian Kavutha, kama yalivyotoka kinywani mwa shahidi. Ameyasoma mwenyewe tangu mwanzo na kutia sahihi kila ukurasa. Nilimpa nafasi ya kukata aya ya wazo lake kuhusu barua, amesema ibaki. Diski ya programu nimeipokea. Pale juu, mahali pa uhusiano na mwenye saiba palipoachwa wazi, ameniagiza niandike: hakuna.